CHOMBO CHA SHAMBA MAFIA: KIPIMWE KWA MZIGO, MCHANGA NA CHUMVI

Nazi huanguka shambani, haianguki sokoni. Kati ya shina la mnazi na gati la Kilindoni pana safari ambayo aghalabu haitajwi katika mazungumzo ya bei, lakini ndiyo inayoamua kama mkulima wa Mafia atabaki na kitu mkononi au atabaki na uchovu tu. Mkwezi hulipwa, mfuaji hulipwa, mchukuzi hulipwa, na mwenye shamba hupata kilichosalia. Pale ambapo hapana fedha ya kumlipa mchukuzi, mzigo hupanda kichwani, na kichwa hicho mara nyingi ni cha mwanamke.

Kwa sababu hiyo ni haki kabisa kwa mkulima wa Baleni, Kirongwe, Kanga au Bweni kutafuta chombo cha injini kitakachompunguzia mzigo huo. Wala leo vyombo havikosekani. Kuna pikipiki, kuna guta la injini ambalo wengi huliita Toyo, kuna pawatila na tela lake, kuna gari dogo la mizigo lijulikanalo nchini kote kwa jina la kirikuu, na kuna pikapu na trekta kwa mwenye uwezo. Hivi karibuni kimeongezeka kingine: kigari cha shamba cha magurudumu manne, chenye usukani kama wa motokaa, ambacho dereva na mwenzake huketi ubavu kwa ubavu na nyuma kina bodi ndogo ya mizigo. Uchaguzi umekuwa mpana. Na palipo na uchaguzi mpana, makosa nayo huwa mengi.

Kosa la namna hii si jambo dogo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Ni fedha ya wananchi, na kikundi kinachoipata kwa ajili ya kununua chombo cha usafiri huipata baada ya kusubiri sana. Chombo hicho kikifa kabla ya mwaka kwisha, deni halifi pamoja nacho. Wanakikundi hurudi kubeba makumbi kichwani kama zamani, ila safari hii wanabeba na marejesho.

Hapana budi basi suala la kuchagua chombo cha shamba lizungumzwe kwa uwazi, kabla ya fedha kutoka na si baada ya chombo kulala.

MASHINE NA ARDHI YAKE

Nchi hii imekwisha kuona mara nyingi yale yanayotokea mashine inapochaguliwa na mtu asiyeijua ardhi. Mafia yenyewe ina historia yake. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliitwaa kutoka kwa Wajerumani ili waitumie katika kuisaka manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji. Miongoni mwa ndege zilizoletwa kwa kazi hiyo zilikuwamo zilizoundwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Joto na unyevu wa pwani hii vililegeza gundi iliyoshika mbao zake, zikawa hazifai kuruka kabla hazijafanya kazi iliyokusudiwa. Hapana risasi iliyozipiga. Zilishindwa na hewa ya mahali. Ilibidi ziletwe nyingine, hata manowari hiyo ikaangamizwa mwezi Julai mwaka huo.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa mpango wa karanga wa mwaka 1947. Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga kwa matrekta katika maeneo makubwa ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yalikusanywa matrekta yaliyobaki ya vita, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama tofali, na mchanga wake husaga chuma. Majembe yalivunjika, matrekta yalilala yakisubiri vipuri, na mwaka 1951 mpango ulifungwa baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Waliouandaa walikuwa na fedha na wahandisi. Walichokosa ni kuuliza maswali machache ya kawaida ambayo Mgogo yeyote wa Kongwa angeliweza kuyajibu.

Wala haifai kudhani kwamba makosa hayo ni ya wakoloni peke yao. Lilipotangazwa azimio la Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila ziliingia wilayani kwa wingi. Kwenye majaruba ya mpunga yenye maji zilifanya kazi yake vizuri. Kwenye ardhi kavu na ngumu zilitaabika, na nyingine ziligeuzwa kuwa za kukokotea matela tu. Pawatila haikuwa mbovu. Ilikuwa imepelekwa mahali pasipo pake.

Mkulima wa Mafia anayekwenda dukani Dar es Salaam na fedha ya kikundi yuko katika hatari ile ile, kwa kiasi chake. Atakaribishwa kwa maneno ya nguvu za injini na uzuri wa rangi. Muuzaji hajui Kanga iko wapi, na hana sababu ya kujua. Anayepaswa kujua ni mnunuzi.

MZIGO UHESABIWE KWANZA

Swali la kwanza halihusu chombo hata kidogo. Linahusu mzigo: ni kilo ngapi, unatoka wapi, unakwenda wapi, na mara ngapi kwa mwaka?

Ichukuliwe, kwa mfano, familia yenye minazi 200, na kila mnazi ukikadiriwa kutoa nazi 40 kwa mwaka zinazoangushwa kwa awamu nne. Kila awamu itakuwa na nazi 2,000. Nazi ikiwa bado na kumbi lake, ikikadiriwa kuwa na uzito wa kilo moja na robo, mzigo wote utafikia kilo 2,500. Nazi hizo hizo zikifuliwa shambani, kila moja ikabaki na gramu 700, mzigo utashuka hadi kilo 1,400. Chombo kinachobeba kilo 350 kitalazimika kwenda mara nane katika hali ya kwanza, na mara nne tu katika hali ya pili. Kwa maneno mengine, kifuo kilichochomekwa ardhini, ambacho hakinywi mafuta wala hakihitaji leseni, kimeondoa nusu ya safari kabla injini haijawashwa. Makumbi nayo yamebaki shambani, ambako yanaweza kutandazwa mashinani yahifadhi unyevu na kuoza yawe mbolea.

Hesabu hiyo inafundisha jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Awamu nne, kila moja ikichukua siku mbili za kubeba, ni siku nane kwa mwaka. Ziongezwe siku za korosho, za mpunga, za muhogo, za kuni na za makuti. Bado kwa familia moja ya kawaida chombo kitasimama siku nyingi kuliko kitakavyotembea. Na katika kisiwa chombo kilichosimama hakipumziki. Kinaliwa na kutu.

MCHANGA, CHUMVI NA BAHARI

Baada ya mzigo huja njia. Barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende haipaswi kuwa kipimo cha chombo cha shamba, kwa sababu nazi hazivunwi juu ya lami. Kipimo ni ile njia ya ndani, kati ya minazi, yenye mchanga mlaini wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Na mvua ya Mafia ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za pwani ya bara.

Katika mchanga chombo hushindwa kwa uzito wake na kwa wembamba wa tairi zake. Tairi pana lenye upepo wa kadiri huelea. Tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likakakamaa hukata mchanga kama jembe. Chombo kinachosukumwa na magurudumu yote manne hujitoa mahali ambapo chenye kusukumwa na mawili hujichimbia kaburi. Guta la magurudumu matatu lina udhaifu wa pekee: gurudumu lake la mbele ni moja, halina nguvu ya kuvuta, nalo huzama wakati mzigo ukisukuma kutoka nyuma. Tena likikata kona kwa kasi huku limejaa, huinama upande na kupinduka.

Chumvi ni adui wa kimya. Hewa ya kisiwa ina chumvi usiku na mchana, na chuma chembamba huanza kuliwa chini, mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama. Nyaya za umeme huota ukungu wa kijani, breki hugandamana, na boliti haifunguki tena ila kwa kukatwa. Chombo chochote kitakachopelekwa Mafia kinahitaji kuoshwa kwa maji baridi mara kwa mara, hususan upande wa chini, na kupakwa mafuta au grisi mahali palipo wazi. Hayo hayagharimu sana, lakini yanataka mtu aliyepewa wajibu huo kwa jina lake.

Tena ni marufuku kwa mwenye busara kuufanya ufuko kuwa barabara. Mchanga mgumu wa maji kupwa humvutia dereva kwa kuwa haumzamishi, lakini humlipisha baadaye kwa kutu. Juu ya hayo, pwani ya Mafia si uwanja wa magari. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo ndiyo ya kwanza ya namna yake nchini, inalinda pia kasa wanaopanda fukweni kutaga, hasa katika kisiwa cha Juani. Gurudumu likipita juu ya kiota, mchanga hushindiliwa na vifaranga hukosa njia ya kutoka. Wilaya inayopata wageni na riziki kwa ajili ya bahari yake haiwezi kukubali kuiharibu ili kuokoa nusu saa ya safari ya nazi.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Kila lita ya petroli au dizeli inayowashwa Mafia imevuka maji, na kila kipuri vilevile. Kipo kivuko cha MV Kilindoni kinachofanya safari kati ya Nyamisati, upande wa Kibiti, na Kilindoni, na msaada wake kwa wananchi ni mkubwa. Hata hivyo kusi ikivuma kwa nguvu, abiria na mizigo husubiri. Mkulima wa Kibaha akikatikiwa mkanda wa injini asubuhi, aweza kuupata kabla ya jioni. Mwenzake wa Bweni aweza kuusubiri hadi mazao yakaharibika. Ndiyo kusema kipuri kisichopatikana Kilindoni kihesabiwe kuwa hakipo.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Kwa vipimo hivyo yafaa sasa kuvitazama vyombo vyenyewe kimoja kimoja.

Pikipiki ni nyepesi, hupita katika vijia vyembamba, hunywa mafuta kidogo, na mafundi wake wapo karibu kila mahali. Lakini kuifanya lori ni kumhatarisha dereva. Yafaa kwa kupeleka dawa ya mikorosho shambani au sampuli ya mazao sokoni. Kwa nazi 2,000 haifai.

Guta la injini lina bei nafuu na vipuri vyake vimeenea. Katika njia iliyoshindiliwa vizuri, kwa mfano kutoka ghalani hadi gatini, lafanya kazi ya kusifiwa. Katika mchanga mlaini na njia ya mabonde, sababu zimekwisha elezwa.

Pawatila na tela yake ni chombo cha polepole na kelele nyingi, ambacho kijana mpenda fahari hatakitamani. Pamoja na hayo injini yake ya dizeli ni sahili, fundi wa kijijini aweza kuifungua na kuifunga, nayo hulima jaruba, huvuta tela, na yaweza kuzungusha pampu ya maji. Kwa wakulima wa mpunga, ambao shamba na ghala lao haviachani sana, chombo hiki hufanya kazi tatu kwa gharama ya kimoja. Tahadhari yake ni breki: tela lililojaa likiteremka mlima humsukuma dereva, na wengi huligundua hilo wakiwa wamechelewa.

Kirikuu ni gari dogo la Kijapani lenye injini ya sentimita za ujazo 660, lililoundwa huko kwao kubeba kilo 350. Nchini mwetu hubebeshwa zaidi ya hapo, na ndiyo maana springi zake huchoka upesi. Yale yenye kusukumwa na magurudumu manne hupita katika njia nyingi za mashamba, kwa kuwa ni mepesi na membamba. Yana taa, yana paa la kumkinga dereva na mvua, husajiliwa na kupewa namba, na hivyo gari lile lile lililotoa nazi shambani laweza kuzifikisha Kilindoni bila kushusha na kupakia tena. Udhaifu wake ni tumbo lililo karibu na ardhi, magurudumu madogo, na bati jembamba ambalo chumvi hulipenda. Anayenunua lililotumika hana budi ainame alitazame chini kabla ya kulitazama usoni.

Kile kigari cha shamba cha kuketi ubavu kwa ubavu nacho kina sifa zake za kweli. Kimeundwa kwa kazi hiyo hasa. Kampuni ya Kawasaki ilianza kuuza chake kiitwacho Mule mwaka 1988, na wengine wakafuata. Leo hutumika katika mashamba makubwa ya Marekani, Australia na kwingineko. Vingi hubeba kati ya kilo 300 na 500, vina tairi pana za upepo mdogo, tumbo liko juu, na fremu ya chuma humlinda aliyeketi kigari kikipinduka, ilimradi amefunga mkanda. Katika mchanga wa Mafia kingekwenda mahali ambapo kirikuu lingesimama.

Lakini yafaa kuuliza yanayofuata. Vingi kati ya vigari hivi hupitisha nguvu ya injini kwa mkanda wa mpira badala ya gia za kawaida. Mkanda huo huchakaa kwa joto, mchanga na mzigo mzito, na hauwezi kubadilishwa na mkanda wa gari jingine. Vipuri vyake havikai kwenye maduka ya kawaida. Tena kigari kilichoundwa kwa ajili ya mashamba peke yake, kama hakikusajiliwa kwa barabara, hakina ruhusa ya kupita barabarani. Hivyo mzigo utashushwa mwisho wa shamba na kupakiwa katika chombo cha pili. Shamba kubwa lenye karakana na fundi wake, au hoteli yenye fedha ya kuagiza vipuri mapema, inaweza kukichagua bila kujuta. Kikundi cha akina mama kumi kinachoishi kwa marejesho ya kila mwezi kikichagua kwanza kigari hicho kitakuwa kimejifunga kwa muuzaji mmoja aliye ng'ambo ya bahari.

Vipo pia vyombo vya umeme, ambavyo sifa yake ni kutohitaji mafuta ya kuvushwa baharini. Swali lake ni lile lile: betri ikichoka, ni nani Mafia atakayeitengeneza, na mpya itagharimu sehemu gani ya bei ya chombo chote? Mwenye jibu la maandishi na anunue. Mwenye ahadi ya mdomo asubiri.

Na mahali pengine jibu si injini hata kidogo. Katika vijia vya kisiwa cha Chole, baiskeli na mkokoteni mzuri wenye beringi na tairi za upepo vyaweza kufanya yanayotakiwa. Mwalimu Nyerere alisisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba mkulima atokaye kwenye jembe la mkono na kufikia plau la ng'ombe amefanya mapinduzi, hata kama hajafikia trekta. Hoja hiyo haijazeeka. Hatua iliyo sawa na mguu humfikisha mtu mbele. Hatua kubwa kuliko mguu humwangusha.

Kwa ujumla basi, kwa kikundi cha kawaida cha wakulima wa nazi na korosho Mafia, chaguo la kwanza linaelekea kuwa kirikuu la magurudumu yote manne, lililokaguliwa vizuri na fundi asiyelipwa na muuzaji. Kwa wakulima wa mpunga, pawatila na tela yenye breki zake. Na kigari cha shamba kiachiwe wenye karakana, mpaka hapo vipuri vyake vitakapofika Kilindoni.

HOJA YA HESHIMA

Wapo watakaopinga. Watauliza: je, mkulima wa kisiwani hastahili kitu kipya? Kwa nini mgeni wa hoteli atembezwe kwa chombo kinachong'aa, ilhali mwenye minazi anashauriwa kuinama chini ya gari lililotumika? Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Kwa miaka mingi mno mkulima mdogo amepewa mabaki, akaambiwa ndiyo yanayomfaa.

Lakini heshima ya mkulima haimo katika upya wa rangi. Imo katika kuwa na chombo anachokimudu: anachoweza kukilisha mafuta, kukitengeneza, na kukilipia hadi senti ya mwisho kikawa chake. Chombo kipya kilicholala chini ya mwembe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, hakimpi mtu heshima yoyote. Siku mkulima atakapokuwa na fundi karibu na duka la vipuri mlangoni, na achague kipya na king'aacho kadiri ya fedha yake. Kazi ya wale wanaomtakia mema ni kuileta siku hiyo karibu, na si kumfanya ajidanganye kwamba imekwisha kufika.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na hayo yapo mambo ya kutendwa.

Wakulima wenyewe wanunue pamoja. Imekwisha onekana kwamba familia moja haina kazi ya kukitosha chombo kwa mwaka mzima. Jirani kumi, kila mmoja na siku zake za kuangusha nazi, wanayo. Lakini ushirika bila daftari ni ugomvi uliocheleweshwa. Pawepo daftari moja la safari, mafuta na matengenezo. Pawepo madereva wawili wanaojulikana na wenye leseni. Kila mwanachama alipe nauli kwa mzigo wake kama jirani asiye mwanachama, japo kwa bei ya chini. Na kabla ya kugawana faida yoyote, sehemu ya nauli itengwe kwa tairi na vipuri. Kikundi kinachogawana fedha yote mwisho wa mwezi kinagawana gari lenyewe, kipande kwa kipande.

Halmashauri ya Wilaya kwa upande wake isiridhike na ankara ya muuzaji. Kabla ya kuidhinisha mkopo wa chombo, ofisa maendeleo na ofisa ugani wakitake kikundi kijibu maswali matano kwa maandishi: mzigo ni kilo ngapi kwa mwaka, njia ikoje wakati wa masika, ni fundi gani wa Mafia anayekijua chombo hicho, vipuri vitano vinavyochakaa upesi vinauzwa wapi, na chombo kitafanya kazi gani siku ambazo hakuna mavuno. Kikundi kisichoweza kujibu hakijakataliwa. Kimesaidiwa kutojiingiza katika deni.

Vyuo vya ufundi navyo vinahusika. Kijana mmoja wa Kirongwe aliyefundishwa kufungua injini ndogo ya dizeli na kuchomelea chesisi iliyoliwa na kutu ana thamani kwa wakulima wa tarafa yake kuliko vyombo vipya vitatu. Mafia ina zaidi ya watu 66,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Miongoni mwao hawakosi vijana wenye mikono ya ufundi.

Na mwisho lipo swali kwa taifa. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na katika mkoa huo huo, Kibaha, lipo shirika la Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 kwa ajili ya teknolojia ya magari. Huko Arusha iko CAMARTEC, ambayo kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia za vijijini. Chombo cha shamba hakihitaji kasi, wala mapambo, wala madirisha ya umeme. Kinahitaji fremu nene iliyopakwa dawa ya kutu, injini ndogo ambayo vipuri vyake vimeenea, tairi pana, breki za kweli na bodi ya kupakia. Kama kuna chombo ambacho Mtanzania anaweza kukiunda kwa ajili ya Mtanzania mwenzake, ni hiki. Na kama kuna mahali pa kukijaribu kikashindwa au kikafaulu kwa haki, ni katika mchanga na chumvi ya Mafia.

Mpaka siku hiyo, mkulima aliyebakiwa na uchaguzi mmoja asiharakishe. Afue nazi zake shambani, ahesabu kilo zake, aipite njia yake kwa miguu wakati wa mvua, amuulize fundi wa Kilindoni, kisha ndipo apande kivuko kwenda kununua. Muuzaji atamsubiri. Deni, likishaandikwa, halitamsubiri mtu.